Huna shamba? Mboga huota hata kwenye ndoo, ila usisahau mfuniko

Kwenye nyumba nyingi za kupanga jijini Dar es Salaam, uwanja ni kipande cha saruji chenye kamba za kuanikia nguo, ndoo za maji na majiko ya mkaa ya wapangaji watatu au wanne. Udongo wa kupanda hata shina moja la mchicha haupo. Lakini familia hizo hizo zinahitaji mboga za majani kila siku, na mtoto anayekua ndiye anayezihitaji zaidi.

Kwa wazazi wa namna hiyo, kulima bila udongo, yaani haidroponiki, si jambo la mashamba makubwa peke yake. Ukilisikia neno hilo unaweza kufikiria mabomba meupe, pampu na banda la nailoni la mamilioni ya shilingi. Ipo njia ndogo zaidi isiyohitaji umeme wala pampu. Vifaa vyake ni ndoo yenye mfuniko, vikombe vilivyotobolewa, maji safi na virutubisho vya mimea. Kitu pekee ambacho kwa kawaida hakipatikani nyumbani ni hivyo virutubisho.

Hata hivyo, ndoo ya maji inayokaa wiki sita uani kwenye nyumba yenye watoto si kitu cha kuchukulia kirahisi. Ikitengenezwa vizuri hutoa chainizi. Ikitengenezwa ovyo huzalisha mbu, na inaweza kumdhuru mtoto anayetambaa. Tofauti kubwa iko kwenye mfuniko na mahali unapohifadhi virutubisho.

Kwa nini mboga za majani

Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto na viashiria vya malaria wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania wenye umri chini ya miaka mitano wamedumaa. Zaidi ya nusu ya watoto wa miezi 6 hadi 59 walikuwa na upungufu wa damu. Sababu ni nyingi, zikiwamo malaria, minyoo na magonjwa ya kuhara, lakini chakula kisicho na mchanganyiko nacho kimo.

Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa mwaka 2023, linashauri mtoto wa miaka 2 hadi 5 ale angalau gramu 250 za mboga na matunda kwa siku. Wa miaka 6 hadi 9 ale gramu 350, na kuanzia miaka 10 kwenda juu gramu 400. Chukua familia ya baba, mama na watoto watatu wa miaka 4, 8 na 12. Jumla yao ni kilo 1.8 za mboga na matunda kila siku.

Hesabu hiyo inafaa kukumbukwa kabla ya kununua chochote. Ndoo moja ya lita 20 yenye mashina matatu ya chainizi ni mboga ya mlo mmoja, na inachukua zaidi ya mwezi kukomaa. Haitamaliza safari za sokoni. Faida yake ni kuongeza mboga mbichi ya karibu, inayochumwa dakika chache kabla ya kupikwa, kutoka kwenye maji unayoyajua.

Hilo la maji lina uzito wake. Utafiti wa Bahemuka na Mubofu uliochapishwa mwaka 1999 katika jarida la Food Chemistry ulipima mboga za majani zilizolimwa kando ya mito Sinza na Msimbazi, na kuchunguza madini kama risasi na kadimiamu yaliyokuwamo ndani yake. Haina maana kwamba kila fungu la mchicha sokoni lina sumu. Lakini kuosha mboga huondoa udongo na vijidudu vya juu ya jani, hakuondoi madini yaliyokwishaingia ndani. Mboga huvuta kilichomo kwenye maji yake, na kanuni hiyo inahusu pia ndoo yako.

Ndoo inavyofanya kazi

Njia hii si ngeni. Miaka ya 1930, William Gericke wa Chuo Kikuu cha California alivuta macho ya wengi kwa nyanya alizootesha kwenye maji badala ya udongo. Mwaka 1938 wenzake wa chuo hicho, Dennis Hoagland na Daniel Arnon, walichapisha mwongozo wa kuotesha mimea kwenye maji. Nao walitahadharisha kwamba maji hayazidi udongo mzuri kwa mavuno. Baadaye Bernard Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii akaieleza njia rahisi ya maji yaliyotulia, bila pampu, ambayo sasa hujulikana kwa jina lake.

Mche hukaa ndani ya kikombe kinachoning'inia kwenye tundu la mfuniko, ncha za mizizi zikigusa maji yenye virutubisho. Kadiri mmea unavyokunywa, maji hushuka na nafasi ya hewa chini ya mfuniko huongezeka. Mizizi ya juu iliyobaki hewani huvuta oksijeni, ya chini huendelea kunywa. Nafasi hiyo ya hewa ndiyo inayofanya kazi ya pampu.

Ndiyo maana wanaoanza huharibu ndoo zao kwa huruma. Wakiona maji yameshuka nusu, wanajaza hadi juu. Mizizi iliyokwishazoea hewa inazama, inakosa pumzi na kuanza kuoza, na mmea unanyauka huku umesimama ndani ya maji.

Vifaa na namna ya kutengeneza

Chagua ndoo ya lita 10 au 20 iliyokuwa na chakula, kama mafuta ya kula, yenye mfuniko unaobana. Usitumie chombo kilichobeba dawa ya wadudu, dawa ya magugu, mafuta ya gari au kemikali yoyote, hata kama kimeoshwa mara kumi. Ndoo ya rangi ya ukutani nayo iache. Kwa kujaribu kwanza, dumu la lita 5 linatosha shina moja la saladi.

Osha ndoo kwa sabuni na isuuze vizuri. Kama inapitisha mwanga, izungushie mfuko mweusi, kisha juu yake kiroba cheupe cha unga. Cheusi huzuia mwanga, cheupe hupunguza joto. Mwanga ukiingia ndani, maji hufanya utando wa kijani unaogombea virutubisho na mmea.

Kwenye mfuniko, chora duara tatu kwa kufuata kikombe cha plastiki cha yogati, kisha kata kwa ndani kidogo ya mstari ili ukingo wa kikombe ushikwe na kisidumbukie. Toboa kikombe matundu madogo chini na pembeni, mizizi ipate pa kutokea. Kazi ya kisu na msumari wa moto ifanywe na mtu mzima, nje penye hewa, kwa sababu moshi wa plastiki si wa kuvutwa.

Miche huanza kando. Kata sponji safi vipande vya ukubwa wa kiberiti, vichane katikati, loweka, kisha weka mbegu mbili kila kipande. Asiye na sponji anaweza kutumia nyuzi za makumbi ya nazi zilizolowekwa na kusuuzwa mara kadhaa ili kuondoa chumvi. Weka kwenye sahani yenye unyevu, kivulini, hadi mbegu zichipue, kisha sogeza kwenye mwanga. Hapa mtoto wa shule anaweza kupewa kazi yake, kunyunyizia asubuhi na jioni na kuandika tarehe ya kila jani jipya.

Mche ukiwa na majani halisi matatu au manne na mizizi imetokeza chini ya sponji, uingize kwenye kikombe. Jaza ndoo hadi maji yaguse kitako cha kikombe, kisha funga. Iweke mahali penye jua la asubuhi la saa nne hadi sita na kivuli mchana. Maji yakipata joto kali hubeba oksijeni kidogo na mizizi huoza, jambo la kuangaliwa sana Dar es Salaam kati ya Desemba na Machi.

Saladi na chainizi ndizo rahisi kwa anayeanza, kwani huwa tayari wiki nne hadi sita baada ya kuhamishiwa kwenye ndoo. Sukuma wiki huchukua muda zaidi lakini huchumwa jani moja moja kwa muda mrefu. Mchicha nao hukubali, ila ukate juu badala ya kung'oa, uchipue tena. Nyanya na pilipili hoho ziache kwa sasa. Hunywa maji mengi na huhitaji virutubisho vya aina nyingine wakati wa kutoa matunda.

Maji na virutubisho

Maji ya bomba yanafaa. Ya mvua pia, ukiacha yale ya kwanza yanayoosha bati. Maji ya visima vingi vya ukanda wa pwani yana chumvi. Ukiyaonja na kuhisi chumvi, yatumie kwa kudekia, si kwa ndoo hii, kwa sababu chumvi hubaki na kuongezeka kadiri mmea unavyokunywa.

Katika virutubisho ndiko pesa nyingi hupotea. Udongo una akiba ya madini mengi na maji matupu hayana, hivyo mmea ulio kwenye ndoo hutegemea kila kitu kutoka kwako. Urea inayotumiwa kukuzia mahindi haifai hapa, kwani huhitaji bakteria wa kwenye udongo kuibadilisha kabla mmea haujaitumia vizuri. Mbolea ya kawaida ya NPK ya kupandia nayo haitoshi, kwa kuwa mara nyingi haina kalsiamu ya kutosha wala madini madogo kama chuma, zinki na boroni. Samadi iliyovundikwa ndani ya maji ni hatari zaidi, kwa kuwa inaweza kubeba vijidudu vya kuhara hadi kwenye saladi inayoliwa mbichi.

Uliza duka la pembejeo mbolea ya haidroponiki. Mara nyingi huuzwa kwa mafungu mawili, A na B, kwa sababu kalsiamu ikikutana na salfeti au fosfeti kabla ya kuzimuliwa huganda na kutua chini kama chokaa, na mmea hauipati tena. Fuata kipimo cha kwenye pakiti.

Anayepata mbolea ya kuyeyuka ya daraja la 4-18-38 yenye madini madogo anaweza kuchanganya mwenyewe. Kipimo kinachotumika sana kwa lita 20 ni gramu 12 za mbolea hiyo, gramu 12 za kalsiamu naitreti na gramu 6 za magnesiamu salfeti, ambayo wengine huiita chumvi ya Epsom. Pima kwa mizani ndogo. Yeyusha kila moja peke yake kwenye chombo chake, mimina mbolea kwanza kwenye ndoo iliyojaa maji, fuatisha magnesiamu salfeti, na kalsiamu naitreti iwe ya mwisho. Kuzidisha hakuharakishi mboga, huunguza mizizi.

Mimea mingi ya majani hupenda maji yenye uchachu kidogo, pH kati ya 5.5 na 6.5. Vipande vya karatasi za kupimia vinatosha. pH ikiwa juu sana, majani machanga hugeuka njano huku mishipa yake ikibaki kijani, kwa sababu mmea unashindwa kufyonza madini ya chuma hata kama yamo.

Mfuniko una kazi tatu

Ya kwanza ni kuzuia mwanga. Ya pili ni kuzuia mbu. Mbu aina ya Aedes, anayeeneza dengue, hung'ata mchana na hupenda kutaga kwenye vyombo vya maji vya nyumbani. Dar es Salaam imewahi kupata milipuko ya dengue, ukiwamo wa mwaka 2014 na wa 2019. Kwenye joto, yai huweza kuwa mbu kamili ndani ya siku saba hadi kumi, na ndoo ya chainizi hukaa wiki nyingi. Ndoo moja iliyo wazi inaweza kuwagharimu majirani wote wa uwanja mmoja.

Kwa hiyo tundu lolote lisilo na kikombe lizibwe. Kikombe chenye nafasi pembeni kizungushiwe kipande cha wavu wa dirishani, si chandarua mnachokilalia. Mara moja kwa wiki, inua mfuniko na umulike ndani kwa tochi ya simu. Ukiona viluwiluwi, usitie dawa ya kupuliza wala mafuta ya taa, kwani mboga hiyo italiwa. Mwaga maji yote, sugua kuta za ndoo ili mayai yatoke, weka maji mapya yenye virutubisho hadi kiwango kile kile kilichokuwapo, na uzibe palipoachwa wazi.

Kazi ya tatu ni kumlinda mtoto. Mtoto anayejifunza kusimama huweza kuinamia ndoo, akatangulia kwa kichwa na asiweze kujitoa. Maji ya kina cha sentimita chache yanatosha kumzamisha, na hufanyika kimya, bila kelele za kuomba msaada. Mfuniko uwe wa kubana kiasi cha mtoto kushindwa kuufungua, na ndoo ikae juu ya kitu imara asichoweza kukipanda. Kwenye nyumba yenye mtoto chini ya miaka minne, ndoo ya kuchanganyia nayo imwagwe mara kazi inapokwisha.

Virutubisho si kinywaji

Maji ya ndoo hii huonekana kama maji ya kunywa, na hapo ndipo hatari ilipo. Yana naitreti nyingi. Kiwango cha juu kinachokubaliwa na WHO kwa maji ya kunywa ni miligramu 50 za naitreti kwa lita, na maji ya haidroponiki huwa na mara kadhaa ya hapo. Kwa mtoto mchanga, naitreti nyingi huweza kuzuia damu isibebe oksijeni ipasavyo, ngozi na midomo ikawa na rangi ya buluu. Kuchemsha hakusaidii. Maji yanapopungua kwa mvuke, naitreti inayobaki huwa kali zaidi.

Usihifadhi virutubisho kwenye chupa ya maji au ya soda, hata kwa usiku mmoja. Viache kwenye pakiti zake, andika kwa herufi kubwa, vifungie mahali pa juu na pakavu, mbali na moto na mafuta ya taa, kwa sababu kalsiamu naitreti huchochea moto. Usipimie kwa kijiko kitakachorudi jikoni. Mtoto akimeza, usimlazimishe kutapika. Mpeleke kituo cha afya mara moja na uchukue pakiti.

Maji yanayobaki baada ya kuvuna yamwagie maua au shina la mpapai, kidogo kidogo. Usiyamwage karibu na kisima wala kuwapa kuku au mbuzi wanywe.

Je, kweli ni nafuu?

Inategemea ulicho nacho. Mwenye udongo mzuri, hata wa kujaza gunia moja, atalima kwa bei ndogo zaidi akitumia bustani ya gunia, na hatahitaji mizani wala karatasi za kupimia. Ndoo ya maji inamfaa asiye na udongo kabisa, au anayeishi mahali ambapo udongo umechafuliwa na mafuta ya gereji au maji ya vyoo.

Usinunue seti iliyotengenezwa tayari kabla hujavuna ndoo ya kwanza. Virutubisho hununuliwa kwa pakiti zinazotosha ndoo nyingi, hivyo majirani watatu wakichangia pakiti moja, gharama ya kila mmoja hupungua sana. Andika kila shilingi iliyotumika na kila fungu lililovunwa. Kama ndoo ya kwanza imekwenda vizuri, ongeza hadi nne na uzipande kwa kupishana wiki moja, ili zisikomae zote kwa pamoja ukalazimika kugawa nusu.

Wakati wa kuvuna

Chuma asubuhi au jioni, osha kwa maji safi yanayotiririka, na ile itakayoliwa mbichi ioshwe kwa uangalifu zaidi. Pika kwa muda mfupi, na weka mafuta kidogo, kwa kuwa vitamini A iliyomo kwenye majani huhitaji mafuta ili mwili uipate. Kamulia limao au mpe mtoto chungwa baada ya mlo, kwani vitamini C husaidia mwili kufyonza madini ya chuma. Chai isinywewe pamoja na chakula hicho, kwa kuwa huzuia ufyonzaji huo.

Mtoto wa chini ya miezi sita bado ni wa maziwa ya mama pekee. Aliyeanza chakula, mboga yake iliyopondwa ipikwe ya kutosha mlo mmoja tu, isilale mezani hadi jioni.

Baada ya kuvuna, toa mizizi yote, osha ndoo kwa sabuni, ianike juani siku nzima ikiwa imepinduliwa, kisha anza na maji mapya. Kama huna miche tayari, iache imepinduliwa hivyo hivyo hadi utakapoipata.